Nyama ya Msimulizi

Mfuniko wa sufuria ulilia jikoni kabla ya alfajiri, na katika bweni zima la watoto viziwi aliyeamka ni Bi Sikitu peke yake. Alikuwa amesafiri kutwa kuja kumchukua mjukuu wake, Shemsa, kwa likizo ya Idi. Mwaka jana mtoto alikataa kurudi nyumbani. Mwaka huu begi lake lilikwisha fungwa.

"Tule kwanza, bibi," Mwalimu Kihiyo alimwambia mchana wa siku hiyo ya Idi. "Basi halitakukimbia."

Wakaketi mkekani kuzunguka sinia la pilau. Shemsa akaligonga kwa kidole. Wenzake wakahisi mtetemo, wakainua macho, naye akaanza kusimulia kwa mikono yote miwili. Watoto wakacheka hadi wakaegemeana.

"Mbona yeye hali chakula?"

"Mikono ina kazi, bibi. Desturi yetu siku ya Idi, anayesimulia, wenzake humwekea nyama asije akakosa."

Bi Sikitu akatazama lundo la nyama mbele ya Shemsa. Hakuna aliyekuwa na lundo kama lile. Nyumbani, ambako hakuna aliyejua lugha ya mikono, walimwita mpole, kwa kuwa alikula macho yakiwa kwenye sahani, akamaliza wa kwanza.

Uchovu ukamshika bibi upya, mzito kuliko ule wa safari. Akafungua begi, akatoa magauni ya mtoto moja moja, akamrudishia mapajani.

"Mwambie abaki," akamwambia mwalimu, naye akafasiri kwa mikono.

Shemsa akamtazama bibi usoni. Kisha mikono yake ikaenda haraka.

"Anasemaje?"

"Anasema uje tena, bibi, na ukae siku nyingi. Mikono yako mizito, kukufundisha kutachukua muda."