Nyayo Mlangoni kwa Chui

Kwale aliuliza kwa nini kisima cha wote kimezungushiwa miiba, na Chui mtawala akamtia kifungoni. Digidigi, mwoga asiye kifani, akaenda kumwombea rafiki yake aachiwe, akafukuzwa. Basi, ili ombi lake libaki pale, akaacha alama ya kwato zake kwenye tope la mlangoni, akatimua mbio.

“Mwenye kwato hizi nitamla!” Chui akanguruma.

Wanyama wakasikia, wakaja kukanyaga palepale. Kulipokucha, tope lote lilikuwa nyayo.

“Nani kaanza?”

“Sote, mzee,” Digidigi akajibu akitetemeka. “Tazama na ule wa katikati.”

Chui akainama. Ulikuwa unyayo wa chui, umepungua kidole: wa mama yake mzazi.

“Mwanangu,” bibi kizee akasema kutoka kundini, “hata mimi nina kiu.”

Kabla jua halijatua, Kwale alikuwa kisimani akiimba, na Digidigi akinywa bila kugeuka nyuma.