Doti Isiyokatwa

Kitu cha kwanza Tatu alichokiona ni kwamba ile doti ya kanga ilikuwa haijakatwa. Vipande vyake viwili vilikuwa bado vimeshikana, vikinukia harufu ya dukani.

"Pokea shukrani, mdogo wangu," alisema mwenye kiwanda cha uchapaji pale Korogwe bila kuinuka kitini. Aliiweka juu ya rundo la vitabu vilivyobeba hadithi ya Tatu lakini jina la bwana huyo. "Ukijifunga hii, maneno yamekwisha."

"Na jina, kaka?" Sauti ilimtoka kidogo mno.

"Uliishia darasa la tano! Jina lako litanunuliwa na nani, kuku wa kijijini kwenu Kwaluguru?"

Mafundi wakaangua kicheko. Nyuma yao mashine ilikuwa imekwisha kuanza kuchapa toleo la pili.

Shangazi aliyemsindikiza akamkanyaga mguu, maana kurudisha kanga ya shukrani ni kumtukana aliyeitoa.

Tatu akaichukua. Alipapasa pale vipande vilipoungana: haikuwa bado ya kujifunga. Kisha akaikunja vizuri, akamwekea yule bwana mapajani.

"Zima mashine, kaka. Hadithi hii nimeitunga mimi, Tatu Sabiri."