Kona ya Kushoto

Fundi cherehani alikuwa ameibana ndege ya mgeni kwenye kompyuta, katika mchezo wa mtandaoni wa ndege za kivita. Kabla hajapiga, mgeni alipaa wima, akazima injini, akajiangusha kushoto. Kufumba na kufumbua, yuko nyuma yake!

Kidole kilimganda kwenye kitufe.

Kona ile haifundishwi popote. Waliibuni yeye na mdogo wake, maana usukani wao wa kuchezea ulikuwa mbovu, haukati kulia. Na mdogo wake huyo, nyumbani walishamlilia miaka tisa iliyopita. Kivuko alichopanda kilipinduka, maiti haikuonekana, wakazika shati lake la shule.

“Umelala, bibiye?” mgeni akamcheka kwenye vipokea sauti vya masikioni. “Geuka basi, nisikuonee!”

Sauti nzito ya kiume, haijui.

“Kitendawili,” alisema. “Namfukuza mwizi, nikigeuka, yuko mgongoni.”

Walikitunga wenyewe, wawili tu, na jibu hawakumpa mtu.

Ndege ya mgeni ikabaki nyuma yake, haipigi, haiondoki.

“Usukani mbovu,” sauti ikajibu polepole. “Dada… mama yupo?”