Mikono ya Saumu

Saumu alirudi mjini kwao baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujitolea ugenini, akiuguza wakimbizi. Asubuhi ya kwanza alimwogesha mama yake, aliyekwisha kupofuka.

"Ahsante, nesi," mama alisema. "Kazi yako unaijua."

"Ni mimi, mama. Saumu."

Bi kizee akaushika mkono ule, akapapasa kiganja chenye sugu, kisha akauachia polepole.

"Saumu wangu ana mikono laini. Yuko mbali, anasaidia watu. Akija utamwona."

Saumu alitaka kubisha, akaacha. Akachota maji ya uvuguvugu, akaendelea kumwosha miguu.

"Nisimulie habari zake," alisema hatimaye.

Uso wa mama ukachangamka. Akaanzia siku aliyomsindikiza stendi.