Mlio Mmoja Mrefu

Risasi ilikuwa kwenye mfuko wa kaptura ya mtoto, pamoja na gololi mbili na kifuniko cha soda.

Mama Mbona aliitoa kwenye povu, akaitazama kiganjani, akakaa palepale kwenye maji ya kufulia. Hakumwita mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita. Walimwita Mbona kwa sababu hakuwa na swali lisiloanza na neno hilo. Mbona jua halidondoki, mbona babu hana meno, mbona baba anaficha kitu juu ya kabati. Kitu hicho kilikuwa bastola. Baba yake, fundi mwashi, aliiombea kibali baada ya wezi kumvamia mara mbili kwenye jengo. Asubuhi aliondoka nayo, jioni alirudi nayo, akaiweka juu ya kabati ndani ya kofia ya zamani. Alisema mtoto hafiki. Mtoto alifika. Alipandisha ndoo juu ya stuli, basi.

Kabla nguo hazijakauka, mama alikuwa amesimama kwenye duka la vyuma na pesa zote alizojibana kwa ajili ya cherehani.

Muuzaji alimwonyesha kwanza sefu ya ufunguo, ndiyo ya bei ya chini. Mama akaikataa. Mbona alijua ufunguo wa kabati uliko, wa stoo uliko, hata ule ambao mama mwenyewe alishausahau. Muuzaji akaleta ya namba. Mama akasema mtoto huyo amekariri namba za simu za ukoo mzima, na akikusimamia nyuma ukabonyeza mara moja tu, imekwisha hiyo.

"Basi mama, mlete nimwajiri hapa," muuzaji akasema.

Mama alifungua kiganja, akamwonyesha risasi.

Muuzaji aliacha kucheka. Aliingia nyuma ya duka, akatoka na sefu ndogo yenye mkwaruzo ubavuni, iliyopunguzwa bei kwa sababu ya huo mkwaruzo. Hii ilifunguka kwa kidole. Ukishasajili kidole chako, inakujua wewe peke yako. Kidole kigeni kikigusa, inalia mara tatu, fupi fupi, inagoma. Kikigusa kidole inachokijua, inalia mlio mmoja mrefu na mlango unaachia. Ndani mlikuwa na ufunguo mmoja wa dharura.

Ufunguo huo haukufika nyumbani. Mama alipita kwa dada yake, akamkabidhi, akamwambia hata shemeji yako akija hapa na machozi, usimpe.

Jioni alimweleza mumewe yote, akampa risasi aishike. Mume hakubisha. Aliipua sufuria ya maji jikoni kwa mikono mitupu, kama kawaida yake, maana saruji ya miaka ishirini ilikuwa imemla ngozi hata moto hausikii. Akanawa vizuri, akaingia chumbani kusajili kidole. Mama alisimama nje ya mlango kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Mara tatu, fupi fupi. Kimya. Tena mara tatu.

Ilipofika mara ya tisa, mama aliuliza kuna nini humo.

"Niache, Mama Mbona, unanichanganya," mume akajibu. Akamwita mtoto amletee kitambaa kikavu.

Baada ya muda, mlio mmoja mrefu.

"Imekubali?"

"Imekubali."

Mama alijifunika uso kwa mikono, akalia kimya kimya, asimtie mtu wasiwasi.

Hata hivyo hakuacha kupekua mifuko ya kaptura. Kila siku aliigeuza ndani nje. Gololi, vifuniko, mara moja panzi mkavu. Risasi hakuna. Na Mbona, yule wa maswali, hakuuliza tena habari za kile kitu cha baba. Mume naye alibadilika. Mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kubembeleza watoto, sasa hatoki asubuhi bila kumwita Mbona chumbani waagane. Jioni akirudi, hata viatu hajavua, anamwita tena. Mama akamwambia dada yake kwamba lile sanduku limefanya kazi mbili: limefungia balaa, na limemrudishia mtoto baba yake.

Jumamosi dada alikuja kuwatembelea na binti yake wa miaka mitano. Watoto wakaingia ndani kucheza. Mume alikuwa ametoka kazini, bastola ameshaihifadhi, yuko uani anajisugua saruji, na mama anammwagia maji kwa kopo. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya vitunguu na kumtania shemeji yake. Ule ufunguo ameufukia mahali, alisema, kwa hiyo asijisumbue kumletea zawadi.

Mume alicheka. Hata mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kufua.

Kutoka ndani ya nyumba ukasikika mlio mmoja mrefu.

Mama alimtazama mumewe. Alikuwa pale pale mbele yake, povu mpaka viwikoni.

"Nani kafungua?"

Mume alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Changu hakijasomeka hata siku moja," alisema bila kugeuka. "Niliweka cha Mbona."