Mkate Usio na Ngano

Mkate wa nne ulipasuka katikati, nusu ukabaki umeganda kwenye kifuniko cha mashine na nusu chini. Ladan aliukwangua kwa ncha ya kijiko huku vidole vikimwungua, kisha akaketi kwenye kigoda akalia kama mtoto.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Kitale. Alhamisi alitakiwa awe Bungoma, na awe na kilo themanini na tano, si zaidi. Mizani iliyokuwa nyuma ya mlango ilikuwa imemwonyesha themanini na sita na nusu.

Jirani yake, Cheptoo, aliingia kuazima ungo akamkuta hivyo.

"Mama Naim! Ati unalilia mkate?"

"Haushikani. Nimeweka kila kitu Sapna aliniambia. Yai, jibini ya kukwaruza, kijiko cha unga wa njugu. Ngano hata chembe hakuna. Lakini haushikani!"

Sapna wa duka la vyombo ndiye aliyemwazima ile mashine ya kuoka mikate bapa ya vijumba, ambayo watu wa mjini huiita wafo. Sapna mwenyewe aliitumia kumpikia mumewe mwenye sukari.

Tatizo la Ladan lilikuwa mkate. Kwa miaka ishirini alikuwa akioka mikate hapo nyumbani na kuipeleka vibandani. Akifurahi alikula mkate, akihuzunika alikula zaidi. Miezi mitatu hii alikuwa amejinyima, akila mboga na samaki na kutembea kila alfajiri mpaka nyayo zikachubuka. Kilo tisa zilikuwa zimetoka. Halafu Jumapili, akitoa mikate ya wateja kwenye tanuri, alishtukia amemaliza nusu mkate akiwa amesimama, siagi ikimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Alijijua. Asipopata kitu cha kushika kwa mikono miwili na kuking'ata, angerudia tena.

Cheptoo alivuta kigoda kingine akaketi karibu naye.

"Si nikuambie ukweli? Mwanamume akishaenda kwa mdogo, hata ukonde uwe kama sindano, harudi. Bashir sasa ni mtu wa Bungoma. Mwezi mzima hajalala hapa. Mtaa wote unajua."

Mtaa ulijua pia kwamba Mulki, huyo mke mdogo, alikuwa na miaka ishirini na sita na kiuno cha nyigu. Siku Bashir alipomwoa, Ladan alisimama uani mbele ya watu akamwombea Mulki mabaya kwa sauti. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na bado maneno yale yalimwamsha usingizini.

Simu ikalia. Alikuwa Bashir.

"Mama Naim, umefika wapi?"

"Bado kilo moja na nusu."

Sauti ya Bashir ilikuwa imechoka.

"Zimebaki siku mbili. Ukishindwa, hakuna atakayekulaumu."

"Sitashindwa, Baba Naim. Mulki anajua?"

"Hajui kitu."

"Usimwambie. Nifike kwanza."

Cheptoo, aliyekuwa ametega sikio, alipiga makofi. "Hapo sasa! Mfumanie, bana!"

Ladan alipangusa macho akakoroga mayai mengine. Alimimina, akafunika mashine, akahesabu kimoyomoyo, akanyoosha mkono kufungua.

Cheptoo alimshika. "Wacha! Mvuke bado unatoka. Unafungua mapema ndiyo maana unararuka."

Wakangoja. Mvuke ulipungua, ukawa uzi mwembamba, ukakoma. Ladan alipoinua kifuniko, mkate ulitoka mzima, wa kahawia, vijumba vyake vimesimama vizuri. Wakauweka juu ya ungo upoe, ukakauka ukawa mgumu wa kutosha kubeba kitu. Akaoka wa pili, akaweka kati ya hiyo miwili nyama ya kuku, parachichi na kipande cha nyanya. Akaushika kwa mikono miwili, akang'ata, akafumba macho.

"Vipi?" Cheptoo aliuliza.

"Si mkate," Ladan alisema. "Lakini nitaweza."

Siku mbili hizo alioka mikate ya wateja akiwa amejifunga shungi puani asisikie harufu yake. Jioni ya Jumatano alijipima mara sita.

Alhamisi akapanda gari la asubuhi. Lilipofika Webuye, wauzaji walijaa madirishani na mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu. Yeye hakutazama nje. Alifika Bungoma tumbo likinguruma, midomo imekauka, akaenda moja kwa moja mahali alipoambiwa.

Bashir alikuwa amesimama kwenye korido, ndevu hazijanyolewa. Wakasalimiana kwa macho tu. Muuguzi mmoja, Rosaline, akamwita Ladan kwenye mizani. Ilionyesha themanini na tano na kidogo. Ladan akavua viatu. Akavua bangili zote, akavua shungi la juu, akapanda tena bila kupumua.

"Themanini na tano kamili," Rosaline alisema, akaandika.

Bashir alifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika.

Rosaline akamshika Ladan mkono, akamwongoza hadi chumba cha mwisho. Mulki alikuwa amelala humo, uso umevimba, mirija miwili ya damu ikitoka mkononi mwake kuelekea kwenye mashine iliyokuwa ikikoroma kando ya kitanda. Alipomwona mke mwenzake mlangoni, aligeukia ukuta.

"Umekuja kunicheka?"

"Mulki, geuka huku," Rosaline alisema. "Huyu ndiye anayekupa figo."