Mmenihamba Vizuri

Kitu cha kwanza alichokiona Jeska muziki ulipoanza saluni ni kidole gumba cha mguu wa mteja. Kilikuwa kikipiga mdundo, na hina haijakauka.

Simu ya mteja ilikuwa ikicheza ile albamu ya vijana wa roki wa Muyinga. Gitega yote iliipenda. Magitaa yalikwaruza kama mabati yanayoburutwa, na maneno yalimchekesha mtu kabla hajatambua kwamba anachekea msiba. Katika wimbo mmoja marehemu alilalamika kuwa pilau la matanga yake halina chumvi. Hapo Jeska naye alicheka, akiwa amewapa watu mgongo.

Kisha ukaja wimbo wa bibi harusi.

"Mmenihamba vizuri, hina imekolea. Nani atanisomea talakini kaburini?"

"Jeska," mteja akasema, "mi leo usinihambe. Nipambe tu."

Saluni yote ikacheka. Jeska akainamisha uso juu ya mguu ule.

Neno hilo lilitoka kwake mwenyewe. Mwaka jana walimpamba Nadia, binti wa kaka wa Pili, mwanamke mwenye saluni hiyo. Alikuwa anaozwa kwa mfanyabiashara wa Muyinga, mkubwa kwa umri kuliko baba yake. Nadia aliuvuta mkono, hina ikavurugika, wakaanza upya. Mwishowe Jeska akawatokea mashangazi waliokuwa wakingoja: "Tumemaliza kumhamba."

Guhamba, kwa Kirundi, ni kuzika. Mashangazi walicheka hadi wakafuta machozi. Msichana wa kijijini Gashoho, wakasema, shule kaiachia darasa la nne, Kiswahili atakitoa wapi? Kichekesho kikasafiri hadi Muyinga, kikawa wimbo.

Sasa mume wa Nadia ameusikia. Pili hakupaza sauti. Alimwambia Jeska aende akaombe radhi kwa kukosea neno, la sivyo asirudi kazini.

Mzee Radjabu, mume wa Nadia, alimpokea sebuleni kwake Muyinga kwa upole. Nadia alileta chai. Alikuwa amekonda. Aliweka kikombe mezani, akabaki amesimama kando ya kiti cha mumewe, macho chini, kama anayengoja ruhusa ya kupumua.

"Sema tu, binti," mzee akasema. "Ulimi unateleza. Hakuna anayekufa kwa neno."

Sentensi ya radhi Jeska aliikariri njia nzima. Akamtazama Nadia. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Mzee," akasema, "mi sikukosea neno."